Karani Aliyenitilia Saini

Binti yangu tunamwita Karani. Jina hilo halimo kwenye cheti chake. Alipewa na jengo zima tunaloishi, ghorofa ya kwanza hadi ya tano, akiwa na miaka tisa na pengo la meno mawili ya mbele. Watu wanaomsikia siku hizi mtandaoni wanadhani wanamjua. Wananisimamisha mpaka dukani, wananishika mkono, wananiambia nina mtoto mwenye kipaji. Kipaji anacho, sikatai. Ila kwa kuwa kila mtu ameshasimuliwa habari zangu, na mimi sikuulizwa, leo nitamsimulia yeye.

Tulipofika nchi hii alikuwa wa miaka mitatu, wa kubebwa mgongoni. Mimi na baba yake tulikuja na lugha yetu peke yake. Baba yake ni dereva wa malori ya safari ndefu, anashinda barabarani siku tano kati ya saba, na lugha ya hapa anaijua ile ya vibao tu: simama, punguza mwendo, usipite. Ukimpa barua ya shule anaigeuzageuza, anakohoa, kisha anaiweka juu ya friji. Huko juu ya friji ndiko barua zote zilikokuwa zinakwenda kufa.

Siku moja Karani akapanda kiti akazishusha. Zilikuwa rundo. Akakaa chini sakafuni, akaanza kusoma moja moja na kunieleza kwa lugha ya nyumbani, uso umekunjamana kama wa mtu mzima mwenye majukumu. Barua moja ilitukumbusha chanjo ambayo alipaswa kuchomwa mwaka uliopita. Nyingine ilikuwa ya mwenye jengo, kuhusu bomba lililokwisha kupasuka na kuzibwa. Zilizokuwa na fomu akazijaza kwa kalamu ya shule. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Akafika mwisho wa ile ya kwanza, akaniuliza:

"Mama, hapa wanataka saini yako."

"Nina mapovu mikononi, huoni? Tia wewe. Mimi na wewe kuna tofauti gani?"

Maneno hayo niliyasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, na hakuna aliyenishikia fimbo.

Saini yangu hakuijua ilivyo. Mimi nilifundishwa kuandika jina kwa herufi kubwa zilizoachana, kila moja imesimama kivyake kama watu waliogombana. Karani akabuni ya kwake: herufi ya kwanza ina tumbo, na ya mwisho ina mkia mrefu unaozunguka chini na kulipigia mstari jina zima. Nilipoiona nilicheka sana. Nilijiona mtu mkubwa, mtu wa ofisi. Tangu siku hiyo sikutia saini karatasi yoyote katika nchi hii. Za shule, za zahanati, za nyumba, hata mkataba wangu wa kazi kila ulipohuishwa, vyote viliingia mlangoni vitupu vikatoka na ule mkia.

Habari zikaenea kwenye ngazi. Jumamosi asubuhi watu wanapanga foleni mlangoni kwangu na bahasha zao, na Karani amekaa mezani na miguu haifiki chini. Alikuwa mkali yule mtoto! Nakumbuka siku alipomfokea mzee wa watu wa ghorofa ya nne: "Babu, tarehe ya kuzaliwa haikadiriwi! Ulizaliwa siku moja tu!" Mzee akajitetea kwamba siku hiyo hakuwa na saa wala kalenda. Tukacheka mpaka tukashika mbavu, na jina la Karani likamganda.

Alinitafsiria pia. Alikaa kati yangu na daktari, akasikia mambo ya mwili wangu ambayo mtoto hapaswi kuyasikia. Alikaa kati yangu na mwalimu wake, na mwalimu akiongea dakika tano nzima, Karani ananiambia, "Anasema najitahidi." Nilikuwa naona uso wa mwalimu haufanani na maneno hayo, nikajitia hamnazo. Ilinifaa. Toka utotoni amekuwa akichagua nini kinifikie na nini kibaki huko huko, na mimi nikaita hiyo ni akili.

Sasa nije kwangu. Mimi ni dobi. Niko chini kabisa ya hoteli moja kubwa, kwenye chumba kisicho na dirisha, nahudumia mashine ya kupiga pasi mashuka. Wawili tunalisha shuka upande huu, wawili wanapokea upande ule na kukunja, na katikati kuna bomba la moto linalozunguka ambalo halina urafiki na mtu. Mikono yangu ina alama zake kuanzia kifundo hadi kiwiko. Ni kazi ya halali na naifanya vizuri kuliko wengi. Mbele ya Mungu siionei haya.

Mbele ya wifi yangu ni habari nyingine. Siku tuliyoondoka nyumbani watu walijaa kutuaga, na yeye, dada wa mume wangu, akasimama na kikombe chake mkononi akasema kwa sauti: "Huyu anakwenda kuwa dobi wa watu, mtaona." Akacheka, na wageni wakacheka naye, na mama yangu mzazi alikuwa amekaa pale pale. Niliingia garini kicheko hakijaisha. Miezi minne baadaye nikawa dobi.

Ningefanyaje? Nilimwambia dada yangu mkubwa kwamba nimepata kazi kwenye ofisi ya hoteli. Mwaka wa tatu nikajipandisha cheo, nikawa msimamizi, bila hata kumsumbua meneja. Kila Ijumaa wakati wa mapumziko nilipanda ngazi za nyuma mpaka mahali ambapo mashine haisikiki, nikamrekodia dada ujumbe wa sauti: "Dada yangu, ndio kwanza natoka kikaoni, wamenichosha hawa watu, kila kitu wananitegemea mimi." Dada anamfungulia Mama, Mama anaita majirani, na wifi anakaa nyumba ya tatu kutoka pale. Kwa miaka kumi na minne, kila Ijumaa, nilimzaba wifi kofi moja la sauti. Sijutii hata moja. Karani aliyasikia yote, maana yalibaki kwenye simu yangu, na yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza kila ikikwama, na hakuwahi kusema neno.

Alipofika miaka kumi na saba akaanza kwenda kwenye kituo cha vijana nyuma ya maktaba. Hapo wanakusanya watoto wa watu waliohamia, wanawafundisha kurekodi, kukata na kuunganisha sauti, kupiga video, ili wasimulie habari zao wenyewe. Zao wenyewe; ndivyo lilivyoandikwa tangazo lao, Karani mwenyewe alinisomea. Mkuu wa pale wanamwita Mratibu, mwanamke wa makamo mwenye mitandio mingi na sauti ya kumbembelezea mtoto alale. Akikusikiliza anainamisha kichwa upande, kama kuku anayetazama punje. Sikumpenda siku ya kwanza na sikuwa na sababu. Sababu zilikuja baadaye kwa wingi.

Karani alimpelekea simulizi ya timu yake ya mpira. Mratibu akasema ni nzuri, lakini aingie ndani zaidi. Akampelekea ya rafiki yake aliyekata nywele. Nzuri, lakini ndani zaidi. Wenzake walikuwa na vya kutosha: mmoja alivuka mpaka kwa miguu akiwa na miaka minane, mwingine baba yake bado yuko kizuizini. Karani wangu alikuwa na nini? Fomu. Na mwaka huo kulikuwa na shindano, na simulizi ambayo ingechaguliwa ndiyo angeipeleka kuombea nafasi kwenye chuo cha utangazaji. Chuo hicho alikitaka kufa kupona. Akaangalia huku na huku ndani ya nyumba, akaniona mimi.

Siku moja akaniletea chakula kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilifurahi kama mjinga. Wenzangu wakampa kiti, akakaa karibu nusu saa, akauliza kila mashine inaitwaje na kwa nini ile inapiga kelele vile. Nilijisifu kwa wenzangu: mwaona mtoto mwenye upendo? Kinasa sauti kilikuwa ndani ya mkoba, zipu imeachwa wazi.

Jumamosi ya maonyesho ya kituo akanialika. Akasema tu ni "kazi yangu, Mama, utaona." Nilivaa gauni langu la maana, nikakaa mstari wa mbele kwenye ukumbi wa maktaba pamoja na watu kama mia moja, wengi wao wenyeji. Baba yake alikuwa safarini. Taa zikapunguzwa. Ukutani hapakuwa na picha, maandishi tu ya lugha ya hapa, na kutoka kwenye spika ikatoka sauti yangu.

"Dada yangu, ndio kwanza natoka kikaoni."

Halafu mashine. Ile mashine yangu, mvuke unafoka, kengele inalia, msimamizi wa kweli anapiga kelele kwamba foronya za ghorofa ya sita hazijatoka. Kisha mimi tena: "Meneja hawezi kufanya lolote bila kuniuliza." Kisha mashine. Watu wakasoma tafsiri ukutani, wakaelewa mchezo, wakacheka. Ijumaa baada ya Ijumaa, ameziunganisha kwa ustadi, mwaka kwa mwaka, na unasikia sauti yangu inavyochakaa. Wakaacha kucheka. Wakaanza kutoa vitambaa. Mwishoni kuna sehemu nakohoa kile kikohozi chetu cha mvuke, halafu namwambia dada, "Kiyoyozi cha ofisini hiki kitaniua." Ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Waligeuka kunitazama, maana Karani alikuwa ameninyooshea mkono kutoka jukwaani, anatabasamu.

Mimi sikupiga makofi. Nilikaa pale na gauni langu la maana nikajiona nimevuliwa nguo.

Mratibu akaja amefungua mikono, macho yamelowa. Nikamwambia Karani kwa lugha yetu, "Mwambie huyu mama nataka kujua ni nani aliyewapa ruhusa ya kunianika hivi."

Karani akamgeukia Mratibu, akamwambia kwa lugha ya hapa kwamba mama ameguswa sana, hana maneno.

Alisahau jambo moja. Nina miaka kumi na minne kwenye ile mashine na wanawake wa mataifa saba. Lugha ya hapa siisomi, lakini kuisikia naisikia. Nikamsukuma kando kwa kiwiko, nikasema mwenyewe, ilivyovunjika hivyo hivyo: "Nani ruhusa? Sauti yangu, nani sema ndiyo?"

Mratibu akashangaa kidogo, akafungua faili lake, akanionyesha karatasi. Kila mtu mzima ambaye sauti yake imetumika, akasema, hukubali kwa maandishi. Chini kabisa palikuwa na jina langu, lenye tumbo na mkia.

"Si umekubali, mama?" akauliza, kichwa upande.

Watu walikuwa wametuzunguka. Karani alikuwa ameacha kutabasamu. Nikachukua mkoba wangu, nikatoka.

Tuligombana njiani, mchana kweupe, kwa lugha ambayo wapita njia hawakuielewa, na hilo lilitupa uhuru.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize lini, Mama? Miaka minane najaza fomu zako. Niambie fomu moja niliyokuuliza. Moja!"

Sikuwa nayo. Hilo lilinipandisha mori zaidi.

"Hizo zilikuwa za bomba na chanjo! Hii ni aibu yangu!"

"Na yangu je? Unajua ilivyo kukaa jikoni na simu yako nasikia mama yangu anajiita bosi, halafu natafuta dawa ya kupaka mikono yake? Nimebeba uongo wako tangu nikiwa mdogo. Umekuwa ukidanganya kila wiki."

"Nimedanganya kwa mdomo wangu mwenyewe. Wewe umedanganya kwa mkono wangu."

Akatangulia hatua kadhaa. Kisha akaniambia lililobaki, kwa sauti ndogo: simulizi itawekwa mtandaoni Jumatano. Nikasimama pale pale. Wale wa ukumbini walihitaji tafsiri ukutani. Nyumbani hakuna atakayehitaji tafsiri. Kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa wifi ni kufumba na kufumbua.

"Waandikie," nikamwambia. "Leo hii. Andika kwamba mama amekataa."

"Sitaandika."

"Nani mzazi hapa?"

"Ndicho kitu pekee kizuri nilichowahi kutengeneza, Mama. Chuo kimeshakiomba. Sitaandika, hata ukinifukuza nyumbani."

Sikumfukuza. Niliacha kusema naye, na nyumba yenye vyumba viwili watu wasiposemeshana huwa ndogo kuliko ilivyo. Baba yake aliporudi Jumapili tukamwelezea, kila mtu upande wake. Akasikiliza, akavua viatu, akasema, "Malizaneni wenyewe," akaenda kulala.

Jumatatu nilitoka kazini saa tisa alasiri nikaenda kituoni peke yangu. Njiani nilikuwa nakariri sentensi zangu kama mtoto anayekwenda kufanya mtihani. Sijawahi kuingia ofisi yoyote ya nchi hii bila Karani mbele yangu. Mratibu alikuwa mezani kwake.

"Mimi sitaki," nikasema. "Sauti yangu. Toa."

"Oh, mama. Tumsubiri Karani atutafsirie?"

"Hapana Karani."

Akanikalisha. Akaongea polepole na kwa sauti ya juu, kana kwamba tatizo langu ni masikio. Inawezekana, akasema. Mwenye sauti ana haki ya kujiondoa, kabla ya Jumatano. Kuna fomu. Bila shaka kulikuwa na fomu! Akaigeuza upande wangu, akanionyesha kwa kidole: jina hapa, tarehe hapa, saini hapa. Nikashika kalamu. Nikaandika herufi zangu kubwa, moja moja, nikizihimiza zisipande juu ya mstari. Ilinichukua muda. Zilitoka kama nilivyofundishwa, na kwa dakika hiyo niliziangalia nikaona ni zangu kweli, nikafurahi.

Mratibu akatoa ile karatasi ya kwanza kwenye faili, akaziweka mbili pamoja. Tabasamu likafutika usoni mwake.

"Hazifanani," akasema. Akaniangalia. "Mama, mwaka jana mtu mmoja alikuja kuondoa kazi ya mtoto asiye wake, tukaingia matatani. Ndiyo maana tunalinganisha. Hii ya zamani ni yako?"

Nikaziangalia zote mbili.

"Kama si yako, basi kuna mtu amekutilia saini, na hilo ni kosa kubwa. Nitaiondoa simulizi leo hii, hapa na kwenye shindano. Kijana aliyefanya hivyo hataendelea na sisi. Na chuo itabidi tukiandikie barua." Akainamisha kichwa. "Niambie tu. Ni yako, au si yako?"

Kila nilichokijia kilikuwa kimewekwa mezani. Nilichotakiwa kusema ni maneno mawili, na hata hiyo lugha ya kuyasemea nilikuwa nayo. Wifi asingesikia kitu. Mama yangu angeendelea kwenda kwa majirani kichwa juu, kuwaeleza jinsi hoteli nzima inavyomtegemea mwanawe.

Na msidhani nilimwonea Karani huruma. Nilikuwa na hasira naye mpaka meno yalikuwa yananiuma. Kwa muda wa pumzi mbili tatu nilitaka afukuzwe, nilitaka kwa moyo wangu wote, ajue na yeye ladha ya kusimama mbele za watu uchi. Lakini nikisema si yangu, nilikuwa nasema nusu. Nusu nyingine ni kwamba kalamu ile hakuiiba. Nilimpa mimi, akiwa na pengo mdomoni, kwa sababu nilikuwa nimechoka na sikutaka kujifunza kazi ambayo mtoto angeweza kunifanyia.

Nikaweka kidole juu ya ile yenye mkia. "Hii yangu."

Kisha nikakisogeza juu ya herufi zangu. "Hii nimekosea."

"Umekosea kuandika jina lako?"

"Ndiyo. Mimi kuandika sijui vizuri."

Huruma ilimjaa usoni mpaka nikatamani kumzaba kofi, la kweli safari hii. Akanipigapiga mgongo wa mkono. Akasema nisione haya, kuna darasa la watu wazima kila Jumanne, hapo hapo maktaba. Kisha akasema fomu yenye saini isiyolingana hawezi kuipokea. Nirudi kesho na Karani, anisaidie kuijaza vizuri. Akaichukua ile niliyoandika, akaichana vipande vinne kwa upole, akaitupa kwenye pipa la karatasi.

Sikurudi. Jumatano ikawekwa.

Alhamisi mchana wifi yangu alinitumia ujumbe wa sauti, wa kwanza tangu tuondoke nyumbani. Ulikuwa wa sekunde kumi na moja, na nane kati ya hizo alikuwa anacheka. Mwishoni akasema, "Dobi, hujambo?" Dada yangu hakutuma kitu siku hiyo. Jumamosi akaandika kwa kifupi kwamba Mama hajambo, ila hatoki nje sana, na kwamba ameomba asifunguliwe tena sauti za simu kwa sasa. Ijumaa iliyofuata nilipanda zile ngazi za nyuma kwa mazoea tu, nikashika simu, nikairudisha mfukoni bila kurekodi. Nikashuka kabla mapumziko hayajaisha.

Huku nje Karani akawa mtu. Simulizi ikasikilizwa na maelfu, ikashinda, barua ya chuo ikaja. Aliisoma mwenyewe jikoni, akapiga kelele, halafu akakumbuka kwamba hatusemeshani. Nilimwambia hongera. Nilisema kweli, na haikunizuia kuwa na hasira.

Wiki moja baadaye aliingia akiwa amefura. Nilikuwa kitandani kwangu nakunja mashuka yetu, ambayo pia mimi ndiye niyapigaye pasi, maana dobi hana likizo. Akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama, ulikwenda kituoni?"

"Nilikwenda."

"Peke yako? Kwa nini ujiaibishe hivyo? Mratibu amenivuta pembeni leo, wenzangu wakiona, ananiambia kwa huruma eti nikufundishe kuandika. Eti mtu mzima ameshindwa kuandika jina lake! Nimeona aibu mpaka nimekosa pa kuweka uso. Eti fomu uliikosea, eti urudi na mimi nikujazie, kila kitu anacho cha kunihurumia. Jina lako mwenyewe, Mama! Unalijua jina lako. Mtu anakoseaje..."

Hapo akakatika.

Niliendelea kukunja. Nilimwona kwa pembeni ya jicho, mdomo umebaki wazi kama kawaida yake anapopiga hesabu. Akaushusha mkoba polepole. Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, na mkono wake wa kulia akauweka mapajani akaufunika kwa wa kushoto.

"Uliandika kwa mkono wako," akasema.

Nikachukua shuka jingine.

"Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Angekufukuza."

Akaanza kulia, bila sauti, yeye ambaye ana sauti ya kila kitu. Mimi sikumwambia "si kitu, mwanangu", kwa sababu kilikuwa kitu, na mpaka leo ni kitu. Alikuwa amekalia pindo la shuka. Nikamwambia asogee, nikalivuta, nikalikunja.